Kichuguu cha Mwalimu Lola

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nilijua kumwomba radhi mzee anayekaa ndani ya kichuguu. Maneno yake hayakuwa ya Kisukuma wala ya Kiswahili: tabi-tabi po. Maana yake, samahani mzee, tunapita. Bibi yangu alinifundisha kuyasema kwa sauti ya chini, kichwa kimeinama kidogo, kila tulipopita karibu na kichuguu, na upande wetu wa Samuye vichuguu havina idadi. Kwa hiyo tulikwenda kisimani tukiomba radhi njia nzima, na tukarudi tukiomba radhi.

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaki msomaji adhani itapoa huko mbele. Wiki mbili zilizopita niliandikiwa barua kutoka kijijini. Wanataka darasa lililojengwa kwanza shuleni kwao liitwe kwa jina la bibi yangu. Wananiomba "historia fupi ya marehemu mwalimu wetu mpendwa" ili waiweke kwenye kibao ukutani. Mwalimu wetu mpendwa! Niliisoma mara tatu nimesimama mlangoni, kisha nikaikunja na kuiweka chini ya kopo la chumvi. Wanataka historia. Basi ni hii, ingawa haitaenea kwenye kibao.

Bibi yangu hakuwa Msukuma. Alizaliwa Ufilipino, visiwa vya mbali huko mashariki, akaja Tanganyika kabla ya uhuru, mjane kijana asiye na mtoto, kufundisha wasichana kusoma na kushona kwenye misheni. Masista aliokuja nao waliondoka mmoja baada ya mwingine. Yeye alibaki, kwa sababu alikuwa ameshampata mama yangu. Mama yangu, Yustina, alikuwa yatima wa miaka minne. Shangazi yake alimleta misheni asubuhi moja, akamkalisha barazani na kifurushi cha unga wa mtama, akaenda zake. Bibi alimlea, akamsomesha, akamwoza kwa baba yangu, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wachache. Halafu akajenga kijumba chake hatua thelathini kutoka kwetu, maana hakuweza kukaa mbali na binti yake.

"Lola" ndilo neno la kwao la kumwita bibi. Mimi nilimwita hivyo tangu naanza kusema, watu wakadhani ndilo jina lake, akawa Mwalimu Lola. Wenye adabu zaidi walimwita Mama Yustina.

Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na mkali. Herufi f ilimshinda kabisa. Alisema "pundi" badala ya fundi, na "nakupundisha" badala ya nakufundisha, nasi ambao r ilitushinda tulimcheka, naye akatucheka. Alipenda wali asubuhi, mchana na jioni. Ugali wa mtama aliula kwa heshima tu. Kuni zilikuwa shida, tukapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu, kama ya wanawake wote wazee wa kwetu. Rozari hakuiacha hata siku moja. Ndiyo maana siku moja nilimuuliza.

"Lola, unaamini kweli yumo humo ndani?"

"Siamini," alisema. "Lakini mama yangu aliniambia nimsalimie. Wewe ukipita mlangoni pa mtu, humsalimii?"

"Na nisipomsalimia?"

"Miguu inavimba. Kwetu wanasema hivyo." Akainama akaitazama miguu yangu, akacheka. "Yako bado mizuri."

Basi. Hayo ndiyo yote aliyowahi kuniambia kuhusu mzee wa kichuguu, na nataka yabaki yameandikwa mahali: miguu inavimba. Hakuongeza neno.

Ulipofika mwaka wa Operesheni Vijiji tulihamishwa. Lori lilikuja, tukapakia vyungu, kuku na milango, tukashushwa kwenye uwanda ambao watu walikuwa wameshapimiwa viwanja kwa mistari. Kule tulikotoka kila mtu alimjua Mwalimu Lola, alikuwa amewafundisha mama zao. Hapa tulikuwa na majirani ambao hawajawahi kumwona mtu wa sura yake. Walikuja kumtazama kama watu wanavyokuja kutazama ng'ombe mgeni. Aliwakaribisha, akawapa viti, akawauliza nani anajua kusoma. Mikono michache tu ikainuka. Mwezi uliofuata akaanzisha kisomo kwenye banda la pamba, kila alasiri, baada ya shamba.

Nilikuwa namsaidia kugawa penseli, kwa hiyo niliona alivyofundisha. Wiki za mwanzo hakumwacha mtu mzima aandike peke yake. Alipiga magoti nyuma yake, akaushika mkono wake wote, ule mkono mgumu wa jembe, akauongoza juu ya karatasi. Mzee Ndaki, ambaye mikono yake ilitetemeka kwa uzee, Lola alimshika hivyo miezi miwili. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Masanja, alijifunza kuandika jina lake pale pale, jasho likimtoka, na siku alipoliandika bila kushikwa alitoka nje akatembea peke yake kidogo kabla ya kurudi. Nilimpenda siku ile. Nalisema hili ili ijulikane kwamba sikuzaliwa nikiwachukia.

Pakawa na mazoea. Ikija barua kutoka wilayani, mkutano ukiitwa, karatasi ikishatoka tu, vichwa vyote viligeuka kumtafuta Mwalimu Lola aisome. Hata katibu wa kijiji, ambaye alimaliza darasa la nne, akikwama alimpa yeye. Mkumbuke mazoea haya.

Nyuma ya kijumba chake kipya palikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kuliko baba. Kila asubuhi akienda kumwaga majivu alikiinamia kidogo na kusema maneno yake. Majirani walimwona. Wapita njia walimwona. Yeye hakujificha, kwa nini ajifiche?

Mwaka wa pili kijiji kiliamua kujenga darasa, kisomo kitoke kwenye banda, na watoto nao wapate pa kusomea. Udongo mzuri wa matofali ni wa kichuguu, kila mtu wa kwetu anajua. Wakakichagua kile. Mzee Masanja alikuja na vijana na majembe. Lola akatoka na mwiko mkononi.

"Mwenyekiti, viko vichuguu vingi kule bondeni. Huyu mwacheni."

"Huyu nani, Mama Yustina?"

"Mzee wa humu. Ni jirani yangu. Mkimvunjia nyumba, miguu itawavimba."

Alisema kwa utani, kama alivyokuwa akituambia sisi watoto. Lakini utani unataka watu wanaokujua. Vijana hawakucheka. Masanja alitazama kichuguu, akamtazama bibi yangu, akasema bondeni ni mbali na tofali haliwezi kungoja. Wakachimba. Lola alirudi ndani akaendelea kupika, na jioni yake akawapelekea wachimbaji uji wa mchele, kwa sababu darasa lilikuwa lake vilevile.

Sasa nafika kwangu. Kesho yake nilikuwa kisimani na Minza, binti wa Mzee Masanja, rika langu. Alianza kunicheka mbele ya wasichana wengine.

"Bibi yako anaongea na udongo. Baba kasema ana wazimu."

"Si udongo. Kuna mzee."

"Mzee gani? Tumembomoa nyumba, mbona hatukumwona?"

Wasichana wakaangua kicheko. Nilisikia masikio yanawaka. Nikasema, "Mtamwona tu. Kamwambia Lola kwamba mmevunja nyumba yake, basi watoto watakufa. Kuanzia kwenu."

Kicheko kikakatika. Minza akatua ndoo yake. Siwezi kudanganya, nilifurahi kumwona ameogopa. Nilirudi nyumbani na maji yangu nimeridhika kabisa.

Mvua zilipokwisha, surua ikaingia kijijini. Mtu yeyote mwenye akili angeiona inakuja: kaya zilizozoea kukaa mbalimbali zimebanwa pamoja, watoto wote wanakunywa kisima kimoja na kucheza uwanja mmoja. Lakini wa kwanza kufa alikuwa mdogo wake Minza, mtoto wa miaka mitatu. Kuanzia kwenu, nilikuwa nimesema.

Lola aliingia kila nyumba. Aliosha watoto macho kwa maji ya chumvi, aliwanywesha uji kwa kijiko, aliwagombeza mama waliowafunika mablanketi kwenye vyumba visivyo na hewa. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa nne kwa miguu, na dawa zilikuwa zimekwisha. Baadhi ya watoto walipona, baadhi wakafa. Na watu wakaanza kusema kwamba kila nyumba anayoingia Mwalimu Lola hutoka maiti. Nyumba ambazo watoto walipona, nazo aliziingia, hizo hakuna aliyezitaja. Nikilikumbuka hili hadi leo hujikuta nimeuma meno. Aliingia kwa kuwa palikuwa na mgonjwa. Wao wakaigeuza: pana mgonjwa kwa kuwa aliingia.

Halafu akaugua Deo, mdogo wangu, wa mwaka mmoja na nusu. Lola alimbeba mgongoni hadi zahanati, akamrudisha. Alikaa naye siku tano bila kulala. Deo alifia mapajani mwake, asubuhi, jua limeshapanda.

Siku ya tatu baada ya maziko, mama aliniita. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kifua amekifunga kwa kanga kwa sababu maziwa yalikuwa bado yanakuja na mwenye kuyanyonya hayupo. Macho yake hayakunitazama.

"Kabula. Minza amewaambia watu maneno. Ni kweli bibi yako alisema watoto watakufa?"

Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, kuku wanapita, sauti ya Lola inasikika kutoka kwake akipepeta mchele. Ningesema hapana, mama, ni mimi. Lakini ningesema hivyo ningekuwa mtoto aliyetamka kifo na kifo kikaja, tena kwetu. Niliogopa kuwa mtu huyo. Nilitaka awe mwingine.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akanambia nikachote maji.

Mganga aliitwa kutoka mbali. Alipiga ramli yake akasema nogi, yaani mchawi, ni mwanamke, hakuzaliwa hapa, na amewashika watu mikono. Amewashika mikono! Nani asiyejua ni nani? Mganga huyo alikula kuku wetu akaondoka. Mzee Masanja, ambaye alikuwa amemzika mtoto, akasema hapana, hapa ni kijiji cha serikali, hatuui mtu kwa ramli. Tutapiga kura ya siri. Kila kaya karatasi moja, andika jina la unayemshuku. Yule atakayetajwa na wengi, vijana watajua la kufanya. Maneno hayo ya mwisho kila mtu aliyaelewa. Vijana walikuja na mapanga, wakayaweka chini ya benchi.

Karatasi zilichanwa kutoka madaftari ya kisomo. Penseli zilikuwa zile zile nilizokuwa nikizigawa mimi. Waliojua kuandika pale kijijini walikuwa wanafunzi wake, na kwa kaya ambazo hazikuwa na mwandishi, mwanafunzi wake wa jirani aliandika. Kwetu baba hakujua kusoma. Akampa mama karatasi. "Andika," akamwambia. "Asiyeandika atasemwa anamficha." Mama alikwenda pembeni, akatugeuzia mgongo, akaandika juu ya goti.

Karatasi zilitiwa kwenye kapu la pamba. Lola aliketi mbele kabisa, kwenye kiti chake cha siku zote, mikono juu ya mapaja. Alikuwa anajua. Nilijua kwamba anajua. Nilikuwa nimekaa chini karibu na miguu yake na sikuthubutu kumtazama usoni.

Katibu akaanza kufungua. "Mwalimu Lola." Akafungua nyingine. "Mwalimu Lola." Nyingine. "Mama Yustina." Akafungua ya nne, akaitazama, akaigeuza juu chini, akaisogeza kwenye mwanga. Mwandiko ulikuwa mbaya, hakuuweza. Basi akafanya lile ambalo amelifanya mikutano yote ya miaka miwili, kwa mazoea tu, mkono ukienda wenyewe. Akageuka akampa bibi yangu.

"Mwalimu, hii inasemaje?"

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Katibu mwenyewe alikuwa ameshtuka, mkono umebaki hewani. Lola akaipokea. Akavaa miwani yake, ile yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi. Akasoma.

"Inasema Mwalimu Lola," alisema kwa sauti yake ya darasani. "Ni mwandiko wa Mzee Ndaki. Mzee Ndaki, nimekuambia mara ngapi usiikandamize penseli? Ona, umetoboa karatasi."

Mzee Ndaki alikuwa mstari wa tatu. Aliinamisha kichwa mpaka kofia ikaanguka.

Lola akasimama, akalichukua kapu mikononi mwa katibu, naye akaliachia. Akaanza kuzifungua moja moja. "Mwalimu Lola. Hii ni yako, Mama Holo, herufi zako zinalala kama umechoka." "Mwalimu Lola. Hii ni ya Ng'wana Shija. Umepanya vizuri leo, hujaruka mstari." Alisema "umepanya", na hakuna aliyecheka. Hakukosea hata mmoja. Mikono yote ile alikuwa ameishika, angekosea vipi? Alisoma jina lake akitaja la mwandishi, akasoma tena, na kila aliyetajwa alitazama chini, na wasiotajwa bado walitazama kapu. Kura haikuwa ya siri tena. Mwenyekiti alipotajwa, alifunga macho.

"Yako ni nzuri, Mzee Masanja," alimwambia. "Sikushika mkono hapa."

Zilibaki mbili au tatu. Alifungua moja, akainyanyua karibu na miwani. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. Alipitisha kidole juu ya maandishi, mara moja, taratibu. Kisha akaikunja mara nne, akaitia kifuani ndani ya blauzi.

"Hii haisomeki," alisema. Akachukua inayofuata.

Hawakumwua. Watu wa kwetu leo wanapenda kusema ni Mungu, au ni busara ya wazee. Upuuzi. Hawakumwua kwa sababu kila mtu pale alikuwa ameshatajwa kwa jina lake mwenyewe, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka akiwa ametajwa. Mapanga yalibaki chini ya benchi. Mzee Masanja alisema kwa sauti ya kukwaruza kwamba Mama Yustina aondoke kijijini ndani ya siku tatu, kwa usalama wake. Kwa usalama wake! Siku ya pili lori la pamba lilikuwa likielekea Mwanza, akapanda. Alikuwa na sanduku moja, bati la biskuti la kutunzia rozari, na sufuria ya wali. Mama hakutoka nje kumuaga. Mimi nilikimbia nyuma ya lori hadi kwenye lundo la udongo uliobaki wa kile kichuguu, na hapo nikamwona ameinamisha kichwa kidogo, midomo inacheza. Alikuwa anamwomba radhi, baada ya yote yale.

Alifika Geita akapanga chumba. Mgodi mkubwa wa wakoloni ulikuwa umefungwa siku nyingi, lakini watu walikuwa bado wakichimba na kuchekecha mchanga wao wenyewe, na watu wa namna hiyo wana barua nyingi za kuandikiwa kwenda makwao. Bibi yangu akawa mwandishi wao na mwalimu wa watoto wao. Nilipofika miaka kumi na mitano baba alikubali niende kukaa naye nisome. Niliishi naye hadi alipofariki, katikati ya miaka ya themanini. Alinipikia wali, alinigombeza, alinishonea sare. Hakuniuliza hata siku moja nani alisema watoto watakufa, nami sikumwambia. Nilikuwa nikijiambia nitamwambia nikimaliza shule. Kisha nikisharudi kutoka chuoni. Alipougua nikajiambia nisimsumbue mgonjwa. Nimewahi kuwaita watu wa kijiji kile waoga, na nitawaita tena, lakini mwoga wa kwanza ninayemjua alilala chumba kimoja na bibi yangu miaka yote ile.

Baada ya maziko nilifungua bati lake. Rozari ilikuwemo, picha ya mama akiwa na sare ya misheni, na karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Nikaifungua. Kijiji kizima kilikuwa kimeandika Mwalimu Lola, au Mama Yustina. Hii ilikuwa na maneno mawili, kwa herufi zilizonyooka, safi, nzuri ajabu.

Mama yangu.

Niliketi sakafuni. Nilimchukia mama kiasi ambacho sikujua kwamba mtu anaweza kumchukia mzazi wake. Nilimchukia miaka. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba mkono ulioandika ulikuwa wake, lakini aliyempa la kuandika ni mimi. Aliniuliza, nikamwambia ndiyo. Mtoto wake ana siku tatu kaburini, anauliza swali moja, na mtu pekee anayemwamini anamjibu ndiyo. Ungeandika nini?

Mama ni mzee sasa. Baba alipofariki nilimleta hapa Geita. Macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa maisha yake yote, na macho ya namna hiyo watu huyaita ya kichawi; mwaka jana mpangaji wa jirani alimwambia mtoto wangu asimwache bibi yake awabebe watoto wa watu. Nilikwenda kwa mpangaji huyo. Sitaandika nilichomwambia. Alihama.

Jana nilimsomea mama ile barua. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo.

"Ni darasa lile?" akauliza. "La udongo wa nyuma ya nyumba yake?"

"Lile lile, mama."

Vidole vyake viliendelea kutoa mawe. Baadaye, bila kuniangalia, akauliza kama alivyouliza siku ile kwenye mkeka.

"Hivi, Kabula, ni kweli alisema watoto watakufa?"

"Hapana, mama," nikasema. "Alisema miguu itavimba. Yale mengine niliyasema mimi kisimani, kumtisha Minza. Ulivyoniuliza nilikudanganya."

Nilingoja. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto na nilingoja kupigwa. Kisha niliingia ndani nikaleta bati, nikamwekea ile karatasi juu ya mchele. Aliifungua kwa kucha, kunjo moja baada ya jingine. Akaisoma. Akaipapasa kwa kidole gumba, kama mtu anayejaribu kuona kama penseli bado inafutika.

"Aliposema haisomeki, alinitazama," mama akasema. "Nilikuwa nyuma ya baba yako. Mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote aliowafundisha, Kabula. Alikuwa akiuonyesha darasani. Niliposikia haisomeki nikajua amejua, na kwamba hatanisema."

"Mbona hukutoka kumuaga?"

"Ningetoka na uso gani?"

Akaikunja vile vile, mara nne, akaitia kifuani ndani ya blauzi yake. Sikuidai.

Barua yao nimeshaijibu, mistari miwili. Jina lake hawatalipata. Waliwahi kupewa karatasi waliandike, wakaliandika, na mimi niliwasaidia. Nilipomaliza kuandika bahasha nilirudi nikaketi karibu na mama, tukamalizia kuchambua ule mchele, kwa sababu watoto walikuwa karibu kurudi kutoka shule.